Shahidi wa Kamishna Almgren

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Ni mimi Wamuyu wenu, kutoka studio yetu ndogo ya hapa Spånga, Stockholm, ile yenye kahawa mbaya na kiti kinacholia. Kama uko kazini, tega sikio moja. Kama uko jikoni, punguza moto. Leo hatutapiga muziki mwingi. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Tunamkumbuka Sixte Nduwarugira. Wengi wenu mlimwita Baba Rita. Ametutoka kabla hajafika sitini, kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwake Rissne. Tumemzika Ijumaa iliyopita. Ndiyo, Ijumaa iliyopita, baada ya wiki na wiki, maana mambo ya mazishi ya hapa Sweden mnayajua wenyewe, ni foleni kama ya daktari wa meno.

Kama jina bado halijakujia, ngoja nikusaidie. Unamkumbuka Kamishna Almgren? Nani asiyemkumbuka. Yule mpelelezi wa televisheni mwenye koti la kijivu, asiyecheka, asiyemgusa mtu, anayekula soseji garini huku mvua inapiga kioo. Miaka ile, Almgren akianza, nchi nzima inanyamaza. Mpaka leo wanamrudia mchana, wakati wazee wanakunywa kahawa.

Basi Sixte aliigiza katika Kamishna Almgren. Hakuwa Almgren, hebu tuelewane. Hakuwa hata msaidizi wa Almgren. Alikuwa yule anayefungua mlango. Alikuwa yule anayesema, "Sijui bwana, mimi nilikuwa nimelala." Anaonekana kidogo, kamishna anamshukuru, anapanda gari, na Mswidi aliyekaa kwenye kochi ameshamsahau.

Ila sisi hatukumsahau. Sisi tulikuwa tunamngoja yeye. Almgren alikuwa anatuchelewesha tu.

Wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma kidogo. Sixte alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Wanaoijua Buyenzi wanajua, huko ndiko Kiswahili cha Burundi kinakolala na kuamka. Mama yake aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao Mtanzania anawaita dagaa. Mtaa mzima ukamwita Mama Ndagala. Watoto wake ni kama hawakuwa na majina, walikuwa watoto wa Mama Ndagala, basi. Na walikuwa wawili. Sixte mkubwa, na mdogo wake wa kike, Médiatrice, aliyezaliwa mama akiwa ameshakata tamaa ya kupata mwingine.

Sixte alimbeba huyo mdogo wake mgongoni zaidi kuliko mama mwenyewe. Sixte akakua, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha parokia. Leo anaigiza mlevi, kesho mfalme, keshokutwa bibi kizee mwenye kikohozi. Médiatrice anakaa mbele kabisa, anamcheka mpaka anatolewa nje. Kwa hiyo msije mkafikiri kuigiza alikuta Sweden. Alikuja nako.

Kisha ikaja vita ya mwaka wa tisini na tatu. Sitaki kuingia huko sana. Wengi mnaonisikiliza mna vidonda vyenu, na hii ni Jumapili. Nitasema tu kilichotokea mchana mmoja.

Sixte alimshika mkono mdogo wake, msichana wa miaka kumi na minne, wakakimbia mpaka kwenye duka moja la mkate, karibu na barabara ya kutokea mjini. Mama alikuwa amebaki nyumbani, miguu haimpeleki. Sixte akamsimamisha Médiatrice mbele ya duka la mkate. Akamwambia, "Nisubiri hapo, nakuja." Akageuka kwenda kumchukua mama.

Barabara ikafungwa nyuma yake. Alijaribu huku, akajaribu kule, akarudishwa kwa mtutu wa bunduki. Mwishowe akambeba mama mgongoni, wakafuata njia ya kusini, kandokando ya ziwa, mpaka Tanzania. Médiatrice yeye alisubiri. Alisubiri mpaka mwenye duka akafunga milango, akamwonea huruma, akamchukua pamoja na watoto wake wakavuka kwenda Uvira, Congo.

Nairudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Kaka alimwambia mdogo wake, nisubiri hapo, nakuja. Na hakuja. Mama Ndagala alifariki kambini Kigoma, na kwenye kitanda cha kambi alikuwa akiuliza jambo moja tu, mtoto yuko wapi. Hilo ndilo lililomkaa Sixte kifuani tangu siku hiyo, na nyie mnaosema alikuwa mtu mcheshi, ndiyo, alikuwa mcheshi, lakini hilo lilikuwa limekaa.

Alifika Stockholm katikati ya miaka ya tisini. Akapata kazi Södertälje, kwenye kiwanda cha malori, akawa anapanda treni kila siku kwenda na kurudi. Akamuoa Elvire, Mrundi mwenzake, ambaye leo tunamwita Mama Rita. Wakajaliwa binti mmoja, Rita. Na muda wote huo anamtafuta Médiatrice. Alipita kwenye mashirika yanayotafuta ndugu waliopotezana. Aliuliza kila Mrundi aliyeshuka uwanja wa ndege. Hakuna. Waliotoka Uvira walisema vita iliwafuata huko huko, watu wakatawanyika, usitegemee.

Mama Rita aliniambia kitu juzi, tukiwa tunakatakata vitunguu vya matanga. Alisema mume wake hakuwahi kumwambia mtu nisubiri. Hakuwahi. Wakiwa dukani, akikumbuka kwamba wamesahau maziwa, hamwachi Rita na mkokoteni akaenda peke yake. Wanarudi wote watatu, na mkokoteni, na makoti ya baridi, watu wanawashangaa. "Mimi nilikuwa nanuna," Mama Rita akaniambia. "Siku aliponieleza sababu, sikununa tena."

Sasa tuje kwenye televisheni. Okech mnamjua, yule Mjaluo mrefu dereva wa basi, mwenye sauti kama spika ya kanisa. Okech ndiye aliyesikia kwamba waandaaji wa Almgren wanatafuta watu wa asili ya Afrika. Akamvuta Sixte, wakaenda wote. Wakachukuliwa wote. Kuanzia hapo, kila Almgren alipohitaji mtu mweusi, simu zilikuwa mbili tu, mmoja shahidi, mwingine mshukiwa. Okech anasema yeye alikamatwa na Almgren mara nyingi kuliko mwizi yeyote wa Stockholm, na kila mara alikuwa hana hatia.

Lakini sikilizeni jinsi Sixte alivyofanya kazi. Wakimwambia njoo saa tatu, saa moja yupo mlangoni, chupa ya chai kwapani. Kuchelewa kwake kulikuwa ni kama dhambi. Mara ya kwanza alipewa kuwa mfanyakazi wa usafi anayekuta maiti ofisini. Sentensi moja tu. Wenzake wakadhani atasimama pale na ndoo ashike ufagio kwa mapambo. Yeye alipiga deki ukumbi wote kabla kamera hazijawashwa. Akakamua, akapiga tena. Almgren akaja kwa madaha yake, koti linapepea, akateleza kidogo, akashika ukuta. Sixte bila kucheka akamnyooshea kidole kibao cha sakafu imelowa. Mwongozaji, mama mmoja anaitwa Gunnel, aliipenda akaiacha vile vile. Mpaka leo ipo. Almgren aliyeshinda majambazi wote, akatelezeshwa na deki ya Mrundi.

Huo ndio ufundi, wasikilizaji wapendwa. Mtu kupewa nafasi ndogo, akaijaza mpaka ukingoni. Mimi nawaheshimu sana watu wa namna hiyo.

Kulikuwa na mtindo mmoja kwenye ule mchezo, na wakongwe wa Rissne wataanza kucheka hata kabla sijausema. Ukiigiza mgeni asiyejua Kiswidi, hukuandikiwa maneno. Gunnel alikuwa anakuambia tu, sema chochote kwa lugha yako, mkalimani ataeleza. Na maandishi ya chini hayakuwekwa. Si wao hawaelewi? Basi unasema unachotaka, na mkalimani anasema kilichoandikwa.

Mnafikiri Okech aliiacha hiyo? Okech alipohojiwa na Almgren kuhusu gari lililoibwa, alikunja uso, akagonga meza, akamweleza namna ya kupika ugali. Weka maji, yachemke, usimwage unga wote kwa pamoja. Macho mekundu, shingo imetoka mishipa. Mkalimani akasema, anasema hakuliona hilo gari. Sisi tulikuwa tumejaa sebuleni kwa Baba Rita, Wakenya, Wakongo, Warundi, Waganda, sambusa mikononi, watu wakalala sakafuni kwa kicheko. Watoto wanatupigia kelele kwa Kiswidi tunyamaze, wanataka kujua nani kaua.

Basi ikawa desturi. Mmoja wetu akitokea kwa Almgren, tunakusanyika Rissne kusikia leo amechomeka nini. Katika nchi nzima ya Sweden, ni sisi tu tuliokuwa tunaelewa. Mjue raha yake.

Ikaja ile sehemu ya mlinzi wa bohari. Sixte ni mlinzi, ameona mtu aliyeuawa, anahojiwa. Okech safari hii ndiye mkalimani, amevalishwa tai. Gunnel akasema kama kawaida yake, Sixte, sema chochote. Okech ananieleza kwamba asubuhi ile yote Sixte hakugusa chai yake.

Kamera ikawaka. Almgren akauliza swali lake. Sixte hakumtazama Almgren. Aliinua macho akaitazama kamera, jambo ambalo mwigizaji hatakiwi kufanya, akasema maneno haya. Ninayasoma kama yalivyo, maana Mama Rita ameniruhusu:

"Médiatrice, mtoto wa Mama Ndagala wa Buyenzi. Ni mimi, Sixte, kaka yako. Nilikuambia nisubiri, sikuja. Njia ilifungwa. Mama nilimzika mimi mwenyewe, Kigoma, alikuulizia mpaka mwisho. Mimi niko hai, niko Stockholm. Usinisubiri tena pale kwenye mkate. Niambie uliko, nitakuja."

Ilikuwa zamu ya mkalimani. Okech alimjua huyu mtu, alijua habari ya mdogo wake, na alikuwa ameelewa kila neno. Kazi yake ilikuwa kutafsiri kama ilivyoandikwa. "Nilishusha macho kwenye karatasi," Okech aliniambia. "Halafu nikasema kwa Kiswidi, anasema hamjui huyo mtu. Wamuyu, sijawahi kusema maneno mazito kama hayo, na yalikuwa ya uongo."

Na Almgren, yule asiyemgusa mtu, aliweka mkono wake begani kwa Sixte. Haikuandikwa popote. Mwigizaji yule alisahau maneno yake, akaweka mkono tu. Gunnel akafurahi, akaomba warudie mara moja zaidi, iwe ya akiba. Sixte akakataa. Ndiyo mara pekee aliyowahi kumkatalia.

Sehemu hiyo ikaonyeshwa. Tukakusanyika Rissne kama desturi, sambusa, chai, watoto. Sixte akatokea kwenye kioo, watu wakajiandaa kucheka. Alipotaja Mama Ndagala, watu wawili watatu wakacheka kweli, wakidhani ni mzaha wa samaki. Akaendelea. Alipomaliza, nyumba nzima ikapiga makofi. Wakasema huyu jamaa ni hatari, huyu ametoa machozi ya kweli, huyu siku moja atapata zawadi. Wakampigapiga mgongoni.

Mnaona lilivyokuwa? Waswidi hawakuelewa neno hata moja. Sisi tulielewa yote, na tukadhani ni mchezo. Tulikuwa tumeshazoea ugali wa Okech. Nyumba nzima, wasiopiga makofi walikuwa wawili tu, Okech na Mama Rita. Na Sixte mwenyewe akasimama katikati ya sebule akainama kushukuru, kama mwigizaji anavyofanya.

Baada ya hapo, hakuna jibu. Miaka ikapita. Sixte akawa anaitwa na Almgren, anaenda. Akawa mpishi, akawa mchungaji wa kanisa, akawa dereva wa teksi. Na kila mara alipoambiwa aseme chochote, alimwita tena mdogo wake kwa maneno mafupi, na sisi tukaanza kusema, aah, Baba Rita naye amezidi kurudia kitu kimoja.

Mara moja alipewa kuwa maiti. Maiti haina maneno. Walimlaza ukingoni mwa ziwa Mälaren mwezi wa Novemba, theluji ikaanza kudondoka, punje moja ikamwangukia kwenye kope ikayeyuka pale pale. Hakupepesa. Mafundi wa kamera wakavua kofia. Sehemu hiyo ilipoonyeshwa, Rita alikuwa bado mdogo, na nani alikumbuka kumtoa sebuleni? Mtoto akamwona baba yake amekufa kwenye kioo, akapiga yowe. Baba mwenyewe amekaa pembeni yake, kikombe mkononi. Rita akamshika pua, akamshika masikio, akamwambia kwa Kiswidi, "Pappa, du är ju här." Baba, mbona uko hapa. Sixte akamwambia niko hapa, niko hapa, usiku kucha mpaka mtoto akasinzia.

Sasa wasikilizaji wapendwa, twende Norway. Mji wa Drammen, nyumba ya wazee, baada ya chakula cha mchana. Mama mmoja mfanyakazi, Mwafrika, anamlisha bibi kizee viazi vya kupondwa. Televisheni inawaka, haitazami. Ni yale marudio ya Almgren, Wanorway nao wanayapenda. Yule mama anafuta mdomo wa bibi, na nyuma yake anasikia sauti inasema, Médiatrice, mtoto wa Mama Ndagala wa Buyenzi.

Yule mama ni Médiatrice. Kutoka Uvira alipita Nairobi, kutoka Nairobi akapelekwa Norway, akaolewa, akabadilisha jina la ukoo, ndiyo maana hakuna shirika lililompata. Na niseme ukweli alivyousema yeye mwenyewe. Hakuwa anamtafuta kaka yake. Alikuwa na hasira naye. Watu wakimuuliza, anajibu sina kaka. Alishasubiri mbele ya lile duka, akaona jua linazama, na moyoni aliamua kwamba ameachwa.

Ameniambia hivi, hapa hapa studio, jana: "Habari ya kifo cha mama yangu niliipata kwenye mchezo wa polisi, na kijiko mkononi. Nilidhani akili yangu imeharibika. Bibi niliyekuwa namlisha akanishika mkono, akaniambia yule mtu analia kweli. Yeye hakujua Kiswahili, lakini aliona."

Alingoja majina ya waigizaji mwishoni, wakayapitisha mbio. Haidhuru. Jina alikuwa nalo, mji alikuwa nao. Akampigia mchungaji wa Warundi wa Oslo, mchungaji akampigia mwenzake wa Stockholm, na kabla ya jioni simu ya Rissne ikalia. Mama Rita akapokea. Sixte alikuwa kiwandani. Mama Rita akamtafuta Södertälje, wakamwita kutoka kwenye malori, akaja kwenye simu na glavu mkononi.

Mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Médiatrice alitaka kuja yeye Stockholm. Sixte akamwambia hapana, baki hapo hapo ulipo, mimi ndiye ninayekuja. Akatoka kiwandani na ovaroli. Akapanda treni na ovaroli. Mama Rita alimfuata stesheni na koti na Rita mkononi, maana watatu hawaachani, mnawajua. Wakavuka mpaka wote.

Médiatrice alikuwa amemwambia atakuwa stesheni ya Drammen, mbele ya duka la mkate. Alilichagua makusudi. Anasema alisimama pale kama msichana wa miaka kumi na minne, akaona treni imefika, watu wakashuka, na katikati yao mwanamume mwenye mvi na ovaroli ya bluu yenye grisi. Akamjua kwa mwendo, ule mwendo wa kumwigiza bibi kizee parokiani.

Sixte alisimama mbele yake. Hakumkumbatia kwanza. Alisema, "Nimekuja."

Médiatrice akamwambia, "Umechelewa." Kisha ndipo wakashikana, na Mama Rita anasema mwenye duka alitoka nje kuwaletea viti.

Walipata miaka mingi mizuri, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Likizo zote Médiatrice alikuwa Rissne, anaamuru jikoni, anagombana na Mama Rita juu ya pilipili. Msimu wa mwisho wa Almgren, Sixte aliitwa tena, mwenye duka mzee anayehojiwa. Sema chochote, wakamwambia. Sisi sote tumejaa sebuleni, Médiatrice katikati ya kochi. Sixte akamtazama Almgren kwa huzuni kubwa sana, akasema kwa Kiswahili, Médiatrice, wale ndagala wa juzi ulizidisha chumvi. Mkalimani akasema, anasema siku hiyo duka lilikuwa limefungwa. Sijawahi kucheka vile maisha yangu yote. Médiatrice alimrushia mto.

Huyo ndiye Sixte Nduwarugira. Mwalimu wa Buyenzi, mfanyakazi wa Södertälje, shahidi wa Kamishna Almgren. Mtu wa nafasi ndogo, na sijui mwigizaji mkubwa aliyefanya kikubwa kama hicho kwa nafasi yake.

Ijumaa pale makaburini Spånga, ardhi ilikuwa bado ngumu kwa baridi. Gunnel alikuja na fimbo yake, mzee sasa. Okech alisoma somo, na sauti ile ya spika ilikatika katikati, akamalizia kwa kunong'ona. Rita, ambaye sasa ni mwanamke mzima na bado anawajibu wazazi kwa Kiswidi, aliweka kiganja juu ya jeneza akasema kwa Kiswahili. Alisema, "Baba, mara hii sikushiki pua."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii na kwa niaba yangu, tunampa pole Mama Rita. Tunampa pole Rita. Tunampa pole Dada Médiatrice, na jirani zao wote wa Rissne, na Okech, ambaye amebaki mshukiwa bila shahidi. Mungu awafariji, nasi tusiwaache peke yao wiki hizi zinazokuja, maana ndizo nzito.

Na sisi tuliobaki, tutafakari. Jioni ya leo mtakuwa pamoja na watu, kanisani, kazini, sebuleni. Mmoja wao huenda anasema jambo la kweli katikati ya mzaha, nanyi mnampigia makofi. Msikilize vizuri. Muulize baadaye, mkiwa wawili, kama alikuwa anacheza.

Namalizia pale kaburini. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka kwa sababu ya baridi. Dada Médiatrice alibaki. Mama Rita alimvuta mkono, akakataa. Aliinama mpaka karibu na udongo, akamwambia kaka yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoka mara moja kwenda dukani:

"Nisubiri hapo, nakuja."